Fonti ya Mistral ni tamu, ila si kila jalada laihitaji

Juzi nilihudhuria mazishi ya mwalimu mwenzangu wa siku nyingi. Nilipopewa kijitabu cha ratiba, nilitazama jalada mara mbili kabla ya kutambua kwamba jina lililoandikwa pale ni lake. Aliyekiandaa alikuwa ametumia Mistral, fonti inayoiga mwandiko wa mkono, tena jina zima kwa herufi kubwa.

Sina ugomvi na Mistral yenyewe. Iliundwa na Mfaransa Roger Excoffon, akiuchukua mwandiko wake mwenyewe kuwa kielelezo, na ikatolewa mwaka 1953 na kiwanda cha Fonderie Olive cha Marseille. Jina lake ni la upepo wa baridi uvumao kusini mwa Ufaransa. Enzi hizo kila herufi ilikuwa kipande cha madini kinachojitegemea. Kuvifanya vipande hivyo vishikane, kana kwamba kalamu haikuinuliwa, halikuwa jambo la lelemama. Tazama mstari wake: hautulii, herufi hii inapanda na ile inashuka, kama mtu aandikaye mbiombio huku akicheka. Kwa mkahawa, duka la maua au kadi ya bathidei, yafaa sana. Filamu ya Drive ya mwaka 2011 iliitumia kwa rangi ya waridi, mwandiko laini juu ya kisa cha damu, na mgongano huo ulipendeza.

Kiswahili nacho kina masharti yake. Maneno yetu ni marefu na yamejaa m, n, u na w, herufi ambazo katika mwandiko wa kuunganisha zote hugeuka vilima na mabonde. Hebu andika "muungwana" au "mnunuzi" kwa Mistral ya saizi 10, kisha umpe nyanya yako asome. (Mimi mwenyewe nilivaa miwani na bado nikakwama.) Halafu kuna ritifaa. Kung'oa ni kazi ya shambani. Ngoa ni wivu. Kinachoyatenga ni kialama kidogo ambacho, kwenye mstari unaochezacheza, huonekana kama doa la wino. Na herufi kubwa za fonti hii ni za kuanzishia neno. Ukizipanga kumi na mbili kwa mfululizo, kila moja yajifanya bwana harusi.

Nilimuuliza kijana aliyekiandaa kijitabu kwa nini aliichagua. "Prof, sikutaka ikae kama fomu ya ofisi," akanijibu. Nilimwelewa. Alitafuta mkono wa binadamu katika karatasi ya huzuni, ila aliuazima mkono wa Mfaransa. Marehemu alituachia barua tele, zenye n na u ambazo hata mtoto wa gredi ya pili hangezichanganya. Sahihi yake ingepigwa picha na kuwekwa jaladani, jina likachapwa chini yake kwa herufi zilizosimama wima.