Chungwa Halitoshi: Fani na Maudhui katika Sanamu za Vyuma Chakavu

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea mfano wa chungwa: ganda ni fani, nyama ni maudhui. Kwa riwaya mfano huu unatusaidia kidogo. Ukiupeleka kwenye sanamu za vyuma chakavu unakwama, na nataka kuonyesha kwa nini.

Chukua Kiti cha Enzi cha Silaha, alichokitengeneza Kester wa Msumbiji mwaka 2001. Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliisha 1992. Kuanzia 1995 mradi wa Baraza la Kikristo la nchi hiyo ulipokea bunduki na kuwapa watu majembe, baiskeli na cherehani. Bunduki zilikatwa, wasanii wakapewa vipande. Kwenye mgongo wa kiti kuna vitako viwili vya bunduki. Matundu ya skrubu yanaonekana kama macho, na kitako kama uso unaocheka. Sasa niambieni, wenzangu: bunduki hapo ni ganda au nyama? Kabla Kester hajaigusa ilikwisha kuwa na maudhui yake, tena ya damu. Hakuyafuta, aliyafanya kiti.

Mtu atasema haya ni mambo mapya ya mijini. Hapana bwana. Twende Tura, mlango wa mashariki wa Unyamwezi, ambapo misafara ilipumzika baada ya pori la Mgunda Mkali. Burton, aliyepita 1857, aliandika kuwa jina lenyewe maana yake ni "tua", yaani tua mzigo. Katika mizigo ya njia hiyo zilikuwamo nyaya za shaba kutoka ng'ambo, masango, za kununulia chakula na kulipia hongo. Mafundi wa bara walizivuta zikawa nyembamba, wakazizungushia singa za mnyama, zikawa mapambo ya miguu. Fedha ya njiani ikageuka urembo, na thamani yake haikuitoka: aliyevaa alivaa mali.

Kweli, waya ule haukuwa takataka. Lakini unatufundisha kuwa malighafi huja na historia yake. Ndiyo maana sikubaliani na anayeisifu miwani ya Cyrus Kabiru wa Nairobi, iliyoundwa kwa vitu vilivyotupwa, eti kwa kuwa inasafisha mazingira. Kufagia ni kazi njema, ila si kigezo cha uhakiki. Tuulize kwanza: kitu hiki jana kilifanya kazi gani, na msanii amekiacha kiseme nini? Asiyeuliza hivyo atatupa nyama akidhani anamenya ganda.