Ukali wa Picha ya Buluu

Wiki iliyopita, kwenye maonyesho fulani hapa Parklands, nilisikia sainotaipi, ile picha ya buluu inayochapwa kwa mwanga chini ya negativu, ikisifiwa kwa kingo zake zilizofifia kwamba ina hisia. Hisia gani? Mchapaji alilaza negativu upande usiofaa, basi.

Kosa hili limezagaa tangu negativu zianze kutoka kwenye printa. Mtu anachapa picha kwenye plastiki bila kuigeuza kushoto-kulia kwenye kompyuta. Akiilaza wino chini, kibao cha duka kinasomeka kinyumenyume. Anaipindua wino juu, maandishi yananyooka, roho inatulia. Kumbe ameuweka unene mzima wa plastiki, kama sehemu ya kumi ya milimita, kati ya wino na karatasi. Mwanga unaokuja kwa mshazari unapenya chini ya kila mstari, na unywele wa bibi harusi unageuka uzi wa sufu.

Jua huweza kumsitiri mtu wa namna hiyo. Upana wake angani ni nusu digrii tu, kwa hiyo saa sita mchana mwezi wa Januari vivuli vinakatika vizuri na pengo halionekani. Ngoja Julai. Wingu likitanda Nairobi kutwa, mbingu nzima inakuwa taa, na aibu inatoka nje. Yale masanduku ya taa za urujuanimno ambayo kila kijana sasa anayo ni Julai isiyokwisha. Wino chini na fremu iliyoibana negativu kwenye karatasi, hata taa hizo hazina neno; lakini nani anabana?

Mzee mmoja wa Highridge, aliyejifunza kazi kwa kuchapa ramani za majengo, hakuliamini hata anga safi la Januari. Fremu aliitumbukiza ndani ya sanduku refu lililopakwa masizi ili jua pekee liifikie. Karatasi aliisubiri mpaka ilie ikitikiswa, maana yenye unyevu hujikunja juani na kuachana na negativu katikati. Mbinu hii ya buluu, aliyoivumbua John Herschel mwaka 1842, ilitumika kwa ramani miongo mingi, na hakuna mwashi aliyetafuta hisia kwenye mstari wa ukuta. Wateja wa siku hizo walijua kudai. Tazama picha za studio ya N.V. Parekh wa Mombasa, ingawa hizo ni za fedha, si za buluu.

Basi, usianze na uso wa mhusika. Kila mtu huanzia hapo. Shika lenzi, nenda katikati ya karatasi, tafuta kitu chembamba: ukope, waya wa stima, mshipa wa jani. Kisha nenda pembeni. Pembe kali na katikati laini, fremu haikubana. Laini kote, tafuta punje za wino wa printa: zikionekana wazi, lawama ni ya kamera, zikiwa zimeyeyuka, ni ya mchapaji.

Karatasi yenye mabonde siihesabu. Ni ya kufichia.

Na matapeli wapo. Wanatoa buluu kwenye printa, pamoja na michirizi ya brashi pembezoni, kisha wanauza kama kazi ya mkono. Omba nakala ya pili. Michirizi ikifanana, rudisha pochi mfukoni.