Majina Matano, Sababu Hakuna

Usiku wa Julai 10, 2015, mjini Dodoma, Kamati Kuu ya CCM ilipitisha majina matano: Bernard Membe, John Magufuli, Asha-Rose Migiro, January Makamba na Amina Salum Ali. Makada 38 walikuwa wamerudisha fomu za kuomba kugombea urais. Orodha ile inastahili kusomwa kama tunavyosoma matini nyingine yoyote, na ukiisoma hivyo utaona kwanza kwamba haina kitenzi. Haisemi nani kakosa sifa, nani kavunja kanuni, nani kapwaya. Inataja waliobaki tu. Thelathini na watatu wametoka bila hata sentensi moja kuandikwa juu yao, na mmoja wao ni Edward Lowassa, aliyejaza uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, Mei 30 alipotangaza nia.

Magazeti yalikuwa yamemwandaa msomaji aipokee orodha ya namna hiyo. Kwa wiki nyingi habari za mchakato zilikwenda kwa hesabu: nani kachukua fomu, nani kafikisha wadhamini 450 katika mikoa 15, nani kapokewa na umati gani. Kisha yakaja maneno ya mashindano, “tano bora” na “tatu bora”, tuliyozoea kuyasikia kwenye urembo na uimbaji. Simlaumu mwandishi wa habari kwa kupenda neno fupi linaloingia kwenye kichwa cha habari. Lakini shindano lina kanuni yake ya usimulizi: aliyetoka ametoka, kamera inageukia waliobaki jukwaani. Ukishaikubali kanuni hiyo, swali la “kwa nini” linakosa mahali pa kukaa. Badala yake tulipewa “jina limekatwa”, kauli ya kutendwa isiyomtaja mtenda.

Hapo ndipo vyombo vya habari na chama, japo kila upande ulimtazama mwenzake kwa mashaka, vilipokutana. Chama kilitaka umoja, na njia yake ya kuulinda ilikuwa kutotaja sababu, kwa kuwa sababu huzaa mjadala. Magazeti yalitaka mwendo wa habari, na sababu hupunguza mwendo. Msomaji alipunjwa na wote wawili. Nasema alipunjwa kwa sababu Lowassa alikuwa na historia iliyohitaji kusemwa waziwazi. Alijiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008 kwa sakata la Richmond, la mkataba wa umeme wa dharura. Aliyeamini kwamba mtu huyo hafai alistahili kusikia chama kikisema hivyo, na aliyeamini kwamba anaonewa alistahili hoja ya kuipinga. Hata onyo la Februari 2014 kwa makada sita walioanza kampeni mapema halitusaidii kukisia, maana Lowassa alikuwamo, na Membe na Makamba, waliopita kwenye tano bora, walikuwamo vilevile.

Usiku uleule wajumbe watatu wa Kamati Kuu, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, waliwaita waandishi wakatangaza kujitenga na uamuzi. Kwangu mimi hiyo ndiyo matini bora ya wiki nzima, na ubora wake uko kwenye muundo. Hawakumpigia mtu debe. Hawakutangaza kuhama. Walijenga hoja: kikao kililetewa majina machache badala ya yote, na walioachwa ni pamoja na wenye kuungwa mkono na wengi, kwa hiyo kanuni haikufuatwa. Kuna dai, kuna sababu, kuna hitimisho, tena kutoka kwa watu waliokuwa ndani ya chumba. Taarifa ile ilibadilisha hata aina ya swali. Kabla yake tuliuliza nani amepita. Wao waliuliza kikao kilipewa nini cha kuamua. Habari nyingi zilizofuata hazikuifuata hoja hiyo. Ziliichukua kama ufa, zikapima upana wake, zikahesabu nani yuko upande gani.

Kesho yake, Mwenyekiti Jakaya Kikwete alipoingia kwenye kikao cha Halmashauri Kuu, baadhi ya wajumbe waliimba wimbo wa kutangaza imani yao kwa Lowassa. Wimbo wa namna ile ni wa zamani kwenye mikutano ya CCM, na jina linalowekwa humo kwa kawaida ni la mwenyekiti. Wajumbe hawakutunga kitu kipya. Walichukua chombo cha chama cha kuonyesha umoja, wakabadili jina, wakamwimbia mwenyekiti usoni. Ulikuwa ukaidi uliovaa sare ya utii, na ndiyo sababu ulitikisa kuliko hotuba yoyote ya upinzani. Kamera ziliunasa, na kwa mara moja picha ilisema zaidi ya hesabu. Ila wimbo nao hauna “kwa sababu”. Unatangaza imani bila kuitetea, na kwa hilo haukuwa mbali sana na orodha uliyoipinga.

Halmashauri Kuu ikawapunguza watano kuwa watatu, na Mkutano Mkuu ulipomaliza kazi, Magufuli alikuwa na kura 2,104, sawa na asilimia 87; Amina Ali 253, Migiro 59. Asilimia ile ilisomwa kama kipimo cha umoja, ilhali ilipima tu uamuzi wa wajumbe kati ya majina matatu waliyoletewa. Julai 28 Lowassa alikuwa Chadema. Oktoba 25 alipata karibu asilimia 40 ya kura za urais.

Machi 2017 CCM ilitoa adhabu: Simba alifukuzwa uanachama, Nchimbi akapewa onyo kali, Kimbisa akasamehewa. Januari 2024 Nchimbi akateuliwa Katibu Mkuu wa CCM, na Agosti 2025 nafasi hiyo ikaenda kwa Migiro, mmoja wa wale watano. Kurasa zilitueleza nani kapata nini. Zingeweza pia kumuuliza Nchimbi ni majina gani hayakuletwa mezani usiku ule, na ni nani aliyeamua yasiletwe.