Mashine ya dramu kwa mpiga kinanda: hesabu ianzie mguu wa kushoto

Mwaka 1972, mjini Miami, Timmy Thomas alirekodi wimbo wa "Why Can't We Live Together" bila mpiga dramu, bila mpiga gitaa na bila mpiga besi. Kinachosikika ni sauti yake, ogani ya Lowrey na mashine ya mdundo. Mapema mwaka 1973 wimbo huo ulipanda hadi nafasi ya 3 katika chati ya Hot 100 ya Billboard nchini Marekani. Mwaka 2015 Drake alichukua kipande chake na kujengea "Hotline Bling", na mdundo ule ule ukasikika kama umetengenezwa jana. Mpiga kinanda yeyote anayefikiria kununua mashine ya dramu ana sababu ya kuukalisha wimbo huu mezani na kuuliza: mtu mmoja alibebaje kazi ya bendi nzima?

Jibu liko katika jinsi mashine yake ilivyomdai machache. Ukishachagua mdundo na kuweka kasi, unaiacha ijiendee. Katika wimbo ule mdundo haubadiliki kati ya ubeti na ubeti. Utangulizi ni mrefu, wa ala peke yake, na msikilizaji hachoki kwa sababu kila badiliko linatoka kwenye vidole: mara ogani inajibu, mara inanyamaza, mara inapanda juu ya mdundo. Mashine ilishika kazi moja tu, mikono yote miwili ikabaki huru kwa muziki.

Msimamo wangu unaanzia hapo. Urahisi wa mashine ya dramu usipimwe kwa wingi wa sauti zake wala ukubwa wa kioo chake. Upimwe kwa kile inachoudai mwili wako wakati unapiga. Mpiga gitaa anayetumia mashine ana miguu miwili huru. Mwimbaji ana mikono. Mpiga kinanda mikono yake yote iko kazini, na mguu wa kulia mara nyingi uko kwenye pedali ya kurefusha sauti. Kilichobaki ni mguu wa kushoto. Mashine inayoweza kuanza, kubadilika na kumaliza wimbo kwa mguu huo mmoja ni rahisi kwake. Inayohitaji kidole katikati ya wimbo ni ngumu, hata kama muuzaji anaisifu kwamba mtoto anaiweza.

Historia inatuambia jambo la kutia moyo: vyombo hivi vilianza kwa ajili ya wapiga ogani. Wurlitzer ilitoa Sideman mwaka 1959, sanduku la kusimama kando ya ogani na kumpigia mwenye ogani midundo ya dansi. Mwaka 1967 Ikutaro Kakehashi wa Japani, kupitia kampuni yake ya Ace Tone, alitoa Rhythm Ace FR-1. Ilikuwa na midundo 16 iliyotengenezwa tayari, na ukibonyeza vitufe viwili kwa pamoja midundo ilichanganyika na kuzaa mwingine. Hammond iliingiza teknolojia hiyo ndani ya ogani zake. Majina yaliyoandikwa kwenye vitufe vya masanduku ya enzi ile, kama rumba na bolero, hayamshangazi mpenzi wa taarab, kwani midundo hiyo ilishaingia Zanzibar na Mombasa kwa njia ya santuri na redio.

Udhaifu wa masanduku hayo ulikuwa mmoja, nao ni mkubwa: hayakujua wimbo una sehemu. Ubeti na kiitikio vilipata mdundo ule ule, na mwisho ulikuja kwa kuzima. Kwa wimbo wa tafakuri kama wa Thomas, hilo liligeuka kuwa nguvu. Kwa rumba ya Kikongo inayosubiriwa ifike kwenye sebene, lingeua wimbo.

Kakehashi alianzisha Roland mwaka 1972, na mwaka 1978 kampuni hiyo ikatoa CR-78, iliyomruhusu mtumiaji kutunga mdundo wake mwenyewe na kuuhifadhi. Mwaka 1980 ikafuata TR-808 yenye safu ya vitufe 16. Utaratibu wake ni wa kueleweka upesi. Kipimo cha mapigo manne kimegawanywa mara 16, kila kitufe ni nafasi moja. Unachagua dramu ya besi, unawasha vitufe vya 1, 5, 9 na 13, na tayari una pigo zito kwenye kila hesabu. Unahamia sneya, unawasha 5 na 13. Dakika moja na mdundo upo. Marvin Gaye, aliyekuwa pia mpiga kinanda, aliitumia TR-808 mwaka 1982 huko Ubelgiji kutengeneza "Sexual Healing", bila haja ya kukusanya bendi kila wazo lilipomjia.

Lakini tuangalie urahisi huo ni wa nani. Ni urahisi wa mtunzi aliyekaa mezani, mwenye macho kwenye vitufe na mkono usio na kazi nyingine. Jukwaani mikono hiyo haipo. Mashine nyingi za leo zimefuata mfumo huu wa vitufe 16, na kwa kutunga nyumbani ninazipendekeza bila kusita. Kosa huja pale mtu anaponunua chombo cha mezani akitarajia kikamsaidie kanisani au harusini.

Mfumo wa 16 una mtego mwingine kwa wanamuziki wa pwani. Chakacha hutembea kwa mapigo yanayogawanyika mara tatu. Ukijaribu kuibana ndani ya nafasi 16 inageuka kuwa kitu kingine kabisa: viungo vyake vinakakamaa na mchezaji anakosa pa kuyumbisha kiuno. Dawa ni kuweka nafasi 12, yaani mapigo manne yenye nafasi tatu kila moja. TR-808 yenyewe iliruhusu mgawanyo huo. Kabla ya kulipa, uliza wazi: mashine hii inakubali nafasi 12, na inachukua hatua ngapi kufika huko? Ikiwa jibu linapitia menyu tatu, kwa mpiga chakacha na ngoma nyingi za kwetu mashine hiyo si rahisi.

Hatua iliyomkaribia zaidi mpiga kinanda wa jukwaani ilikuja na mashine kama Alesis SR-16, ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, iliyoendelea kuuzwa kwa miongo mingi. Ina sauti 233, lakini ubora wake kwetu hauko kwenye namba hiyo. Uko kwenye muundo wa mdundo. Kila mdundo una sehemu A, sehemu B na mapigo ya kujazia ya kila sehemu. Uko kwenye A, unaagiza mapigo ya kujazia, mashine inayapiga kisha inahamia B yenyewe. Na nyuma yake kuna matundu mawili ya pedali: moja la kuanzisha na kusimamisha, jingine la kuagiza badiliko. Ubeti unaingia kwenye kiitikio kwa kukanyaga mara moja, vidole havijaondoka kwenye kinanda.

Mashine za kukanyaga zimelisogeza wazo hilo mbele. BeatBuddy ya Singular Sound ni pedali yenyewe. Unaigonga mara moja inaanza. Unaigonga tena inapiga mapigo ya kujazia. Unaikanyaga na kuishikilia inakuvusha hadi sehemu inayofuata unapoachia. Ilibuniwa ikiwalenga zaidi wapiga gitaa, ila hesabu ya viungo inampa mpiga kinanda faida ile ile. Tahadhari yangu ni moja: iweke mbali na pedali ya kurefusha sauti. Mguu ukikosea, wimbo unaruka sehemu mbele ya watu.

Mazingira yetu yanaongeza sharti ambalo miongozo ya watengenezaji haiendi nalo mbali. Mashine nyingi zina hali ya wimbo: unapanga ubeti mara mbili, kiitikio mara mbili, mwisho, kisha unabonyeza na kuifuata. Kwa kurekodi, hiyo ni kazi safi. Kwenye ibada, mwongoza mapambio hurudia kiitikio kadiri Roho anavyomwongoza, na hakuna anayejua mapema ni mara ngapi. Kwenye harusi, MC anaweza kuomba wimbo urefushwe kwa sababu wazazi bado wanatunza. Mpiga kinanda wa namna hii hana matumizi na mpangilio wa kudumu. Anahitaji mashine inayosubiri amri yake, inayokaa kwenye kiitikio hata dakika kumi, na inayohamia mahali pengine kwa agizo moja. Anahitaji pia njia ya kupandisha kasi taratibu, kutoka kuabudu hadi sifa, kwa kugonga mapigo au kuzungusha kifundo kimoja kilicho karibu.

Kabla ya kutoa fedha, chunguza kwanza kinanda ulicho nacho. Vinanda vya mtindo wa Yamaha PSR, vilivyoenea makanisani kwetu, vina mashine ya dramu ndani yake. Zima kitufe cha ACMP, yaani usindikizaji wa kujiendesha, na staili itakupigia dramu peke yake, huku mkono wa kushoto ukibaki huru kupiga besi yako badala ya kuilisha mashine kodi (chords). Kitufe cha Sync Start kinafanya mdundo usubiri pigo lako la kwanza. Baadhi ya modeli zinakuruhusu kuipa pedali kazi ya kuanzisha mdundo au kuagiza mapigo ya kujazia. Kama kinanda chako kinaweza hayo, fedha ya mashine mpya iende kwenye pedali imara na spika bora.

Ukihitaji mashine ya nje, jambo la kwanza kutazama nyuma yake ni tundu la MIDI, liwe la duara au la USB. Mfumo huu ulianza mwaka 1983 na bado unaunganisha vyombo vya kampuni tofauti. Unatoa faida mbili. Ya kwanza ni mwendo wa pamoja: mashine hutuma alama 24 kwa kila pigo, na kinanda chenye mapigo ya kujiendesha kinazifuata. Chagua chombo kimoja kiongoze na kingine kifuate. Vyote viwili vikitaka kuongoza, vitaachana njiani.

Faida ya pili wengi huiacha, ilhali ndiyo hazina ya mpiga kinanda. Mashine inayopokea noti za MIDI inaweza kupigwa kwa kinanda chako. Katika mpangilio wa General MIDI uliokubaliwa mwaka 1991, dramu hukaa kwenye chaneli ya 10: noti 36 ni dramu ya besi, 38 ni sneya, 42 ni hai-hati iliyofungwa, 46 ni iliyofunguliwa. Vidole vyako vilivyozoea funguo vinarekodi mdundo moja kwa moja, kwa uzito na wepesi wa kila pigo, badala ya kuwasha taa moja moja. Chakacha iliyopigwa kwa vidole viwili ina pumzi ambayo safu ya vitufe huipata kwa taabu. Chagua mashine inayosikia nguvu ya pigo, kwa sababu bila hiyo mapigo yote yatatoka sawa.

Sauti nayo ina kanuni yake. Mkono wa kushoto wa mpiga kinanda na dramu ya besi ya mashine hugombea eneo moja la sauti za chini. Mashine yenye tundu la sauti la pekee kwa dramu ya besi, au angalau kifundo cha kupunguza uzito wake, inakupa nafasi ya kuvitenganisha kwenye miksa. Usiipitishe kwenye spika ya gitaa: spika hiyo haikutengenezwa kwa sauti nzito wala kwa ncha kali za matoazi. Na kwa sababu umeme wetu hukatika, zima mashine katikati ya mdundo uione inavyorejea. Inapaswa kuwaka upesi na kukuta midundo yako ikiwa salama.

Dukani, omba kiti, kinanda na pedali. Piga wimbo mmoja wa kuabudu wa taratibu, rumba moja inayopanda hadi sebene, na chakacha moja. Katika kila mmoja fanya mambo manne bila kuinua mkono: anza, jazia, badilisha sehemu, malizia. Muuzaji asikusaidie, na usisome mwongozo zaidi ya mara moja. Mashine ikishinda katika nyimbo zote tatu, midundo michache iliyopigwa vizuri ndani yake itakufaa kuliko mamia usiyoyafikia. Ikikulazimisha kuachia funguo ili tu wimbo uishe, iache dukani hata kama bei yake ni nusu, maana kila Jumapili na kila harusi utailipia tofauti hiyo kwa mkono uliopaswa kuwa unapiga.