Mhusika Anayepona Upesi Mno: Maoni Kuhusu Hadithi za Wanafunzi Wetu

Katika makala hii fupi tunakusudia kujadili tatizo moja la uandishi wa hadithi ambalo limejitokeza mara kwa mara katika kazi za wanafunzi wetu, hasa wale wanaotoka Muhuta, Rumonge na pwani yote ya Ziwa Tanganyika upande wa Burundi. Tatizo lenyewe ni hili: mwandishi anamuumba mhusika dhaifu, mwenye majeraha na makosa yake mwenyewe, anamfuata vizuri kwa kurasa nane au tisa, kisha anamponya katika aya moja.

Tutatoa mfano wa hadithi moja bila kumtaja mwandishi wake. Mhusika mkuu ni mvuvi wa Gitaza. Wazazi wake walikimbilia Tanzania mwaka 1972, naye akazaliwa katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu. Baada ya mwaka 2008, wakimbizi wa zamani walipoanza kurudi kwa wingi, anarudi Rumonge na kukuta shamba la michikichi la babu yake linalimwa na familia nyingine. Anakwenda Gitaza kutafuta riziki ziwani. Anaanza kunywa. Anampiga mke wake. Anauza wavu wa ndugu yake, ndugu ambaye ndiye aliyempokea. Hadi hapo usimulizi ni mzuri na lugha ni safi. Lakini katika ukurasa wa kumi mzee mmoja anamkalisha chini na kumpa mawaidha. Mvuvi analia, anaacha pombe, mke anarudi, na hadithi inakwisha kwa furaha.

Sisi tuliipa kazi hiyo alama 16 kwa 20. Tuliandika pembeni kwamba dhamira imejitokeza wazi na maadili yamezingatiwa. Iliposomwa darasani, mwanafunzi mmoja aliyekaa nyuma alinyamaza hadi mwisho, kisha akasema kwamba mvuvi huyo anamjua, kwa sababu wanaishi naye nyumba moja, na mawaidha amekwisha kupewa mara nyingi. Hakuna aliyemjibu. Hata sisi hatukuwa na jibu. Makala hii ni jaribio la kumjibu, ingawa tumechelewa.

Tuanze na riwaya ambazo wasomaji wetu wanazifahamu. Katika Rosa Mistika (1971), Euphrase Kezilahabi anamchora msichana wa Ukerewe anayekua chini ya ukali wa baba yake, Zakaria, ambaye mwenyewe ni mlevi. Rosa anapotoka nje ya macho ya baba, uhuru unamshinda. Tunavyoisoma sisi, sehemu yenye uzito zaidi ni ile anapojaribu kubadilika. Anabadilika kweli, anataka kuolewa na kutulia, lakini mchumba wake, Charles, anamkataa kwa ajili ya maisha yake ya nyuma, na Rosa anajiua. Kezilahabi anatuonyesha kwamba kupona si kazi ya mgonjwa peke yake. Lazima awepo mtu wa kumpokea, na mtu huyo ana haki na uwezo wa kukataa. Riwaya hiyo ilizuiwa kwa miaka kadhaa isisomwe shuleni. Baadaye ikaja kuwa kitabu cha kiada.

Said Ahmed Mohamed, katika Utengano (1980), alifuata njia nyingine. Maimuna, binti wa Maksuudi, anafungiwa ndani, anatoroka, anaangukia katika danguro na ulevi. Mwandishi hamwachi huko. Anamrudisha, lakini kwa safari ndefu, na wanaomshika mkono si wakubwa wenye hotuba bali watu wa chini kama Biti Kocho. Msomaji anaamini kwa sababu ameona gharama.

Tukitazama karibu zaidi na kwetu, Gaël Faye aliandika kwa Kifaransa riwaya ya Petit pays (2016), ambayo sehemu kubwa inatokea Bujumbura. Mama wa msimulizi anavunjika akili baada ya kuyaona yaliyotokea Rwanda mwaka 1994. Mtoto wake anaporudi akiwa mtu mzima, anamkuta katika kabare, na mama anamwita kwa jina la mtu mwingine. Hajapona. Hata hivyo hatuwezi kusema kwamba kitabu hicho hakina matumaini, maana mtoto anabaki naye.

Wako wenzetu watakaotukumbusha kwamba hadithi ya Kiswahili tangu zamani inafunza, na kwamba kijana wa Muhuta, ambaye ameona vita, ukimbizi, maporomoko ya udongo na maji ya ziwa kuingia majumbani, anahitaji matumaini na si masimanzi mengine. Hoja hiyo tunaiheshimu. Lakini tumaini lisilogharimu kitu haliaminiki kwa yule anayelihitaji zaidi. Mwanafunzi yule wa nyuma hakutoka darasani na tumaini. Alitoka akijua kwamba baba, mjomba au kaka yake, yeyote aliyekuwa, hafanani na watu wa vitabuni.

Basi mwandishi afanye nini? Tunadhani jibu liko katika mazingira yenyewe, ambayo wanafunzi wetu wanayajua kuliko sisi. Tutataja mambo matatu.

Kwanza, kalenda ya ziwa. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi inapokuwa kubwa taa hazivuti samaki, kwa hiyo wavuvi wengi hukaa nchi kavu. Mtu anayejaribu kuacha pombe ana siku hizo za kukaa bure kila mwezi, pamoja na wenzake, karibu na kabare. Mwandishi akiufuata mwezi, atapata msuko wa hadithi bila kuubuni: mwezi wa kwanza mhusika ameanguka, wa pili ameanguka, wa tatu ameshinda siku mbili.

Pili, kosa liwe kosa. Mvuvi wetu amedhulumiwa na historia, hilo ni kweli. Lakini wavu aliuuza yeye. Mwandishi anayemsingizia mwaka 1972 kila kitu anamnyima mhusika wake nafasi ya kutubu, kwa kuwa asiye na kosa hana cha kutubia. Na aliyeibiwa wavu naye ana watoto wanaohitaji kula.

Tatu, desturi ya upatanisho. Kwetu Burundi wazee, yaani abashingantahe, wakimaliza shauri, mara nyingi pombe huletwa na waliogombana hunywa pamoja. Je, mlevi anayeacha pombe atapatanishwa kwa nini? Akinywa ameanguka, asiponywa huenda wakasema amekataa amani. Hapa kuna mgogoro wa kweli kati ya mtu na jamii yake, na hatukumbuki mwanafunzi hata mmoja aliyewahi kuuandika. Kosa si lao. Sisi ndio tuliowafundisha kwamba hadithi nzuri huishia kwenye funzo.

Tulimwomba mwandishi wa hadithi ya mvuvi aandike upya mwisho wake. Ilimchukua wiki tano. Katika toleo jipya wazee wanamaliza shauri la wavu, chungu kinawekwa katikati na mirija inagawiwa. Mvuvi anaomba maji. Watu wananyamaza, mzee mmoja anacheka vibaya. Kisha ndugu yake, ambaye bado hajalipwa wavu, anasogeza kigoda na kuomba maji pia. Mke hajarudi. Hadithi inakwisha hapo, na mbalamwezi inakaribia.

Tuliisoma tena darasani. Mwanafunzi wa nyuma hakusema kitu, ila baada ya kipindi aliomba aazimwe nakula aende nayo nyumbani. Alama tulizotoa mara hii tutaziacha bila kuzitaja. Tunakaribisha maoni ya walimu wenzetu, hasa wale wanaofundisha uandishi wa kubuni katika shule za sekondari za pwani yetu.