Kumlisha Asiyesema

Nassa iko pwani ya Ghuba ya Speke, wilayani Busega, Tanzania. Wamisionari wa Kianglikana walijenga kituo hapo mwishoni mwa karne ya 19, wakakikabidhi kwa wenzao wa African Inland Mission mwaka 1909. Wasafiri wa barabara ya Mwanza kwenda Musoma wanaijua zaidi kwa kiwanda cha kuchambulia pamba. Ni nchi inayojua kusifu kazi. Mkulima hodari anatajwa kwa jina, na mvuvi anayejua kuwawashia dagaa taa usiku wa giza hakosi watu wa kumsimulia. Mimi nataka kuisifu kazi isiyo na Wagika wala Wagalu, wale wapinzani wa ngoma za Kisukuma, wa kuichezea: kazi ya kumlea mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ambaye hakai mwenyewe, hasemi, na anameza kwa shida. Huruma imo ndani yake, lakini ninachokisifu ni ufundi.

Mtazame bibi anayemnywesha uji mjukuu wake. Anaanza na mwili, kikombe kitasubiri. Anamketisha nyonga zikiwa zimerudi nyuma kabisa, magoti yamekunjwa, nyayo zimepata mahali pa kukanyaga, na kichwa kimeinama mbele kidogo. Kichwa kikilala nyuma, chakula hupotea njia kikaingia kwenye mapafu, na nimonia za namna hiyo ndizo zinazowaua wengi wa watoto hawa. Anakaa mbele yake, macho yao yakiwa sawa. Kijiko kinakuja kutoka chini, kinatua juu ya ulimi, kinagandamiza kidogo, kisha kinatoka bila kukwanguliwa kwenye meno ya juu. Halafu anangoja. Anautazama mdomo, anaitazama shingo, anasikiliza pumzi. Mtoto akishameza, ndipo kijiko cha pili kinapochotwa. Mlo mmoja unaweza kumaliza saa nzima, na siku ina milo mitatu.

Anajua pia jambo linalowashangaza wengi, kwamba maji matupu ni magumu kuliko uji mzito, kwa kuwa hukimbilia kooni kabla koo halijawa tayari. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, inayotafunwa na nyumba nzima pamoja na karanga inaweza kumkaba mtoto huyu, kwa hiyo ya kwake inachemshwa mpaka ilainike, inapondwa, inatolewa nyuzi. Chakula ni kile kile cha nyumbani, ila kimepita mikononi mwa mtu anayemjua mlaji wake.

Ulemavu huu una sababu nyingi. Wengine walichelewa kulia walipozaliwa, wengine walipata manjano kali ya uchanga, malaria iliyopanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo. Majirani wana sababu zao nyingine, laana au mkono wa mtu, na maneno hayo humchosha mlezi kuliko kumbeba mtoto mgongoni.

Mwili wa mtoto huyu hukakamaa. Ukimvuta mguu kwa nguvu ili umvalishe, unakaza zaidi, na asiyejua atasema ni mkaidi. Mjuzi hukunja magoti yote mawili kuelekea kifuani, akamtikisa polepole huku na huku hadi misuli ilegee, ndipo nguo ipite. Mtoto akishtuliwa na kishindo cha mlango anakaza tena. Basi nyumba nzima inajifunza kufunga mlango taratibu.

Tena mtoto asiyesema anaeleza mengi. Macho yakielekea mlangoni anataka nje. Kukunja uso na kugeuza kichwa ni shibe au ni maumivu, na tofauti ya hayo mawili inajulikana kwa aliyekaa naye muda mrefu. Ukimsalimu kwa Kisukuma "Mwangaluka" asubuhi ukampa nafasi, atakujibu kwa kope au kwa vidole. Wengi hatumpi nafasi hiyo. Tunamuuliza mama yake hali ya mtoto wakati mtoto mwenyewe yuko pale anatutazama.

Elimu ya namna hii ikibaki kichwani mwa mtu mmoja, iko hatarini. Huko Uskoti, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mtaalamu wa mawasiliano Sally Millar alianzisha vijitabu vinavyomweleza mtoto kana kwamba anasema mwenyewe: napenda hiki, naogopa kile, nikifanya hivi maana yake nina kiu. Daftari la shule linatosha kwa kazi hiyo. Mtoto wa Nassa akipewa rufaa ya kwenda Hospitali ya Bugando, muuguzi wa zamu ya usiku atalisoma ajue aanzie wapi.

Kiti cha kumketisha mtoto vizuri nacho kinaweza kutengenezwa hapa hapa. Nchini Zimbabwe, mwalimu Bevill Packer alieneza ufundi wa kutumia maboksi na karatasi kuukuu zilizogandishwa kwa gundi ya unga uliopikwa kama uji. Tabaka linawekwa juu ya tabaka, linaanikwa juani, mpaka kinapatikana kiti kigumu kilichopimwa kwa mgongo wa mtoto mmoja tu. Mtoto akikua, kinatengenezwa kingine.

Mvua za kupanda pamba zinapoanza, mama yuko shambani, na kazi hii inashuka kwa dada mwenye miaka kumi au kumi na miwili. Mara nyingi anaifanya vizuri mno, na analipa kwa masomo yake. Hapo ndipo sifa zetu zinapokuwa nyepesi. "Mungu atakulipa" ni dua njema, lakini haimshiki mtoto hata kwa nusu saa ili dada awahi darasani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka ziwepo kamati zao hadi ngazi ya kijiji. Ningependa bibi yule awe mjumbe wa kwanza kuteuliwa, na ajenda ya kwanza iwe kuwachagua majirani wawili watakaokuja kwake kujifunza kulisha, kabla siku haijafika ya yeye mwenyewe kuugua.