Maji ya Tumboni na Ikhtiari ya Tabibu

Ini likiisha kujaa makovu, damu itokayo matumboni hukosa njia, shinikizo hupanda katika mshipa mkubwa uingiao kwenye ini, yaani mshipa wa lango, na figo, kwa kudhani mwili umepungukiwa na damu, huzuia chumvi na maji hata tumbo likafura. Na endapo mgonjwa ameacha chumvi, akameza spironolaktoni miligramu 400 na furosemidi 160 kwa siku, na maji bado yarejea, tabibu hana budi kutafuta ikhtiari nyingine. Iliyo nyepesi ni kuyafyonza kwa sindano na kumrudishia mgonjwa albumini, takriban gramu 8 kwa kila lita, lakini njia hiyo huondoa maji tu, chanzo kikabaki.

Mwaka 1974 Harry LeVeen wa Marekani alitangaza mrija upitao chini ya ngozi, kutoka tumboni hadi mshipa wa shingo, wenye vali ifungukayo kila mgonjwa avutapo pumzi na shinikizo la kifuani kushuka, maji yakarudi katika damu. Fikira ilikuwa ya kupendeza mno. Lakini mirija iliziba, ikaingiwa na vijidudu, na maji yale yakavuruga ugandaji wa damu, hata matabibu wakaiacha isipokuwa kwa wachache.

Huko Ujerumani, mwaka 1988, matabibu walifuata shinikizo lenyewe: sindano ndefu hushuka kwa mshipa wa shingo hadi mshipa wa ini, hutoboa nyama ya ini mpaka mshipa wa lango, kisha kitundu hutanuliwa na kushikiliwa kwa kijibomba cha waya. Kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa uangalifu, utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2017, uliotumia kijibomba chenye utando, ulionyesha kwamba asilimia 93 waliishi mwaka mzima bila kupandikizwa ini, dhidi ya asilimia 52 ya waliofyonzwa maji. Lakini kijibomba hicho hupitisha damu kando ya ini, na mwanasayansi Pavlov alikwisha kuona tangu 1893 kwamba mbwa ambaye damu yake imepitishwa kando ya ini huchanganyikiwa akilishwa nyama, kwa kuwa sumu hufika kwenye ubongo bila kusafishwa. Na moyo dhaifu nao hauihimili damu ijayo kwa wingi ghafla.

Kwa hiyo kijibomba kiwekwe mapema, ini lingali na nguvu, akili ingali timamu na moyo mzima. Na mwenye manjano makali asitiwe, bali aandikwe apandikizwe ini jipya, kwani hiyo pekee ndiyo tiba ya chanzo cha maradhi.